Anayetoa Huonja Kwanza

Hakuna aliyewahi kumchekesha Georgette kama Dokta Nathanaël siku alipomwambia kwamba yeye ni mgonjwa. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu wa mwaka 2002, katika chumba kidogo cha hospitali moja ya Ibanda, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mama huyo alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

"Maman, sikia kwanza," dokta alisema. "Iko mikrobe mu damu yako. Inaitwa hépatite C. Inakulaka maini polepole."

"Maini ya nani?"

"Yako, maman."

Georgette alisimama, akakaza kitenge, akacheza hatua nne za ndombolo kati ya meza na kabati la dawa, kiuno chake cha miaka arobaini na saba kikizunguka bila kusita hata kidogo. Kisha akarudi akakaa, pumzi yake ikiwa palepale.

"Sasa uniambie, dokta. Mugonjwa anachezaka hivi?"

Dokta Nathanaël alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, mtoto wa hapa hapa Bukavu, mwembamba, mwenye adabu nyingi kuliko usingizi. Alikiri kwamba mgonjwa kwa kawaida hachezi hivyo. Lakini ugonjwa huu, alisema, ndiyo tabia yake: unakaa ndani ya mtu miaka ishirini, thelathini, umenyamaza, na siku ukianza kusema ni kuchelewa.

Wala Georgette hakuwa amekwenda kutafuta ugonjwa. Alikwenda kumtolea damu jirani yake Colombe, aliyejifungua kwa kupasuliwa. Walimpima, wakamwambia damu yake haifai, na Colombe akaishia kupewa damu ya shemeji yake, mwanamume mrefu mwenye sauti nene aliyezimia kabla sindano haijamgusa. Georgette alikuwa ameisimulia hadithi ya shemeji huyo mtaa mzima. Hakujua kwamba yake ndiyo ilikuwa inaanza.

Dokta alimweleza kwa subira. Kwa kawaida dawa ya ugonjwa huo haikuonekana mjini, maana mji ulikuwa chini ya waasi na hata aspirini ilikuwa ya kutafuta. Lakini profesa mmoja aliyemfundisha, aliyekuwa Ubelgiji, alikuwa amemtumia dawa ya kutosha watu watano, nayo ilikuwa imekaa katika friji ya petroli ikingoja. Sindano tatu kwa wiki, pamoja na vidonge, kwa wiki arobaini na nane. Ingeleta homa. Nywele zingepungua. Kati ya watu kumi wanaomaliza, wanne au watano hupona kabisa.

"Na mwaka muzima," akamaliza, "usikunywe pombe. Hata tone moja. Hata ile ya kulamba tu."

Hapo kicheko cha Georgette kilikatika. Dokta alikuwa anaangalia karatasi zake, hakuona. Alipoinua macho, mama alikuwa ameshasimama na mkoba kwapani.

"Minakataa," alisema, na kutabasamu kwake kukarudi mahali pake.

Dokta akavuta fomu. Profesa wa Ubelgiji alikuwa ameomba kila anayekataa aandikwe, na chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa sababu. "Juu ya nini unakataa, maman?"

"Andika: siko mugonjwa."

*

Sasa tumjue huyu mama vizuri, kwa sababu mtaani Muhumba hakuna asiyemjua.

Georgette alizaliwa Walungu, katikati ya migomba. Mama yake alikuwa mpishi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi inayonywewa katika Bushi yote, eneo la Washi, na Georgette alijua kutofautisha ndizi ya pombe na ndizi ya kula kabla hajajua kuhesabu. Alipoolewa akaja mjini, na vita ya mwanzo ilipofika, mwenye villa ambayo mume wake alikuwa akiilinda usiku, baada ya kazi ya shule, alikimbilia Ulaya na kuwaachia funguo. Hawakuwahi kulala ndani ya villa. Walibaki katika nyumba ndogo ya uani, lakini ua ulikuwa mpana, na hapo Georgette akachimba shimo la kuivishia ndizi na kuweka ule mtumbwi wa mti wa kukamulia. Ndizi zilikuja kutoka Walungu kila barabara ilipofunguka. Alikamua, akachanganya maji, akatia mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani, na siku ya tatu watu walianza kupita karibu na ukuta wakijifanya wanatafuta kuku aliyepotea.

Mume wake, Philémon, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na shemasi wa kanisa lao la Kiprotestanti. Hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe. Si kasiksi, si bia, wala divai ya harusi. Kanisa lake lilikataza, na Philémon alikuwa mtu wa kutii mpaka kwenye tai: aliivaa hata siku ya kufua. Georgette alikuwa Mkatoliki, na alikuwa amebaki Mkatoliki. Jumapili walitoka pamoja mpaka njia panda, yeye akapanda kwenda misa, mume akashuka kwenda ibada, na hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka ishirini na miwili. Walimu hawakulipwa na serikali, kasiksi ndiyo iliyolisha nyumba, na kanisa lilifumba jicho moja. Philémon mwenyewe alikuwa na utani wake: "Mimi ninakulaka pombe, sinywake." Huo ndio ulikuwa utani wake pekee, na aliurudia kila Krismasi.

Lakini jina la Georgette halikutokana na utamu wa kasiksi yake tu. Lilitokana na koo lake.

Katika Bushi, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Anainua kibuyu, anavuta kwa mrija, anameza, wewe unaona koo lake likipanda na kushuka, ndipo unapokea. Ni adabu, na ni kinga, kwa sababu watu wanaogopa karuho, sumu ya polepole ambayo husemwa kwamba mtu anakunywa leo akicheka na kuzikwa baada ya mwezi. Zamani, mama yake Georgette alipokuwa hai, kuonja kulikuwa kama kusema karibu. Vita ikaja, na kila mtu akaanza kumtazama jirani kwa pembe ya jicho: huyu alikula na nani, yule alisalimiana na askari gani. Basi koo la mpishi likawa hati. Georgette hakuonja kwa kulamba. Alivuta kwa nguvu, akameza kwa sauti, akapangusa midomo na kusema, "Kama nikifa, munizike na kibuyu," na watu wakacheka, wakanywa, na kwa saa mbili wakasahau kuogopana. Walimwita wafunguapo mitungi kwenye mahari, kwenye matanga, hata pale familia mbili zilizonuniana zilipotaka kupatana.

Na wote walimkumbuka mama mmoja wa upande wa Panzi, mpishi kama yeye, ambaye siku moja aliumwa jino akapitisha kibuyu bila kuonja. Wiki tatu baadaye mmoja wa wanywaji alikufa, pengine kwa malaria, nani ajuaye. Nyumba ya yule mama ilichomwa akiwa sokoni, na tangu siku hiyo hakuonekana tena mjini.

Hiyo ndiyo sababu. Asipoonja, ni mchawi wa sumu. Akisema kwa nini haonji, ni mgonjwa wa maini, na nani atachukua kibuyu kilichotoka mdomoni mwa mgonjwa? Aligeuza jambo hilo huku na huku, asubuhi na jioni, na kila upande alikuta mlango umefungwa. Kwa hiyo alicheka. Georgette alipozidiwa na jambo, alicheka kwanza, na kwa kawaida jambo lenyewe lilichoka likaenda zake.

*

Dokta Nathanaël hakuchoka. Alimwita tena wiki iliyofuata.

"Maman, fomu hairuhusu ile sababu. Mashine inasema uko mugonjwa."

"Basi andika sindano." Georgette alikaa vizuri, maana hii alikuwa ameiandaa njiani. "Wewe mwenyewe ulisema hii mikrobe ilinipata na sindano. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wa chanjo walikuja Walungu, wakatupanga mustari watoto wote, na sindano ilikuwa moja. Sindano njo ilinipa, na sasa sindano njo itaniponyesha? Mwizi aliyeiba mbuzi yako, unamupatiaka na kamba?"

Dokta aliinama juu ya fomu, na mabega yake yalitikisika kidogo.

Mara ya tatu Georgette alileta sababu ya nywele. Mara ya nne alileta vita, na hiyo haikuwa ya mchezo. "Wiki arobaini na nane, dokta. Mu mji gani? Watu hapa bananunua chumvi ya siku mbili. Mimi nianze kitu ya mwaka muzima, na friji yenu ikiibiwa na basoda na bunduki zao mwezi wa sita?"

Kijana aliweka kalamu chini. Alimwambia kwamba kati ya wanane aliowaita, wanne walikuwa wamekataa, bila kutaja jina la yeyote. Mmoja alikataa kwa sababu hasikii maumivu. Mwingine kwa sababu mlango wa kuingilia ni mmoja na ule wa wagonjwa wa ukimwi, na yeye ana duka na mabinti watatu wa kuolewa. Mwingine aliambiwa na kaka yake kwamba dawa inaua mbegu za kiume. Yeye, dokta, aliandika yote na kupeleka Ubelgiji, na profesa alijibu kwamba watu hawa wanahitaji kuelimishwa.

"Lakini naona munaelewa yote," dokta alisema polepole. "Naona iko kitu ingine, maman, na hautaki kuniambia."

Georgette alimpenda wakati ule kama mtoto wake wa kuzaa, na kwa sababu hiyo hakumwambia. Angemwambia angelia, na hakuwa amezoea kulia mbele ya watu wenye koti jeupe.

"Nafasi yako nitaichunga mpaka lundi," dokta alisema, yaani Jumatatu. "Siyo hii inakuja. Ile ya nyuma yake. Kisha nitaipatia mutu mwingine, juu dawa itaharibika."

Colombe, mtu pekee mtaani aliyejua, tangu siku ya ile damu, na ambaye kidonda chake kilikuwa kimepona na ulimi wake zaidi, alimkaripia uani akinyonyesha. "Mugonjwa haulizwake uji, Georgette. Unakunywa dawa, basi."

"Mimi waliniuliza," Georgette alijibu, "na nikasema hapana."

Mficha maradhi, kilio humuumbua: wahenga walisema, na ni rahisi kusema ukiwa mzima. Watu wenye afya wanapenda sana kushangaa mgonjwa anayekataa dawa. Wanamwona kama mtu anayezama huku akisukuma kamba. Hawaulizi kamba imefungwa wapi upande wa pili.

*

Alhamisi, siku nne kabla ya ile Jumatatu, Georgette alikuwa akikamua ndizi za kazi kubwa. Fabiola, binti wa mtaa, alikuwa anatolewa mahari Jumamosi. Wajomba zake wangeshuka kutoka Walungu, na mkubwa wao alikuwa Papa Zagabe, mzee mwenye fimbo na macho ya kipanga, aliyezika ndugu wawili wakati wa vita na kuamini kwamba wote wawili walilishwa karuho. Alikuwa ametuma neno: hatakunywa kitu chochote mjini ambacho hakikuonjwa na Georgette mwenyewe.

Philémon alirudi kutoka shule, akasimama kando ya mtumbwi, mbali kidogo ili juisi isiruke kwenye tai.

"Dokta amekuja kwa shule," alisema. "Hakuniambia ugonjwa. Aliniuliza tu kama niko najua juu ya nini unaogopa. Nikaona haya. Bibi yangu anaogopa kitu, na mimi sijui."

Georgette alikuwa na majani na ndizi mpaka kwenye viwiko. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Akamwambia yote: maini, sindano, wiki arobaini na nane, tone moja, koo lake, mama wa Panzi. Alisema haraka haraka, akiendelea kukamua, na hakumwangalia.

"Njo hiyo tu?" Philémon aliuliza.

"Njo hiyo."

Mume alitikisa kichwa mara mbili, akaingia ndani, na kupitia dirishani Georgette alimsikia akianza kuomba. Aliumia. Alikuwa amebeba jambo hilo wiki juu ya wiki, na mtu huyu aliliita "hiyo tu" na kwenda kumpelekea Mungu kama daftari la kusahihisha. Alikamua zile ndizi kwa hasira, na wote walioinywa ile kasiksi baadaye waliapa kwamba hajawahi kupika nyingine kali kama ile.

*

Jumamosi jua lilitoka kwa furaha yake yote. Ua wa nyumba ya kina Fabiola ulijaa viti pande mbili, wa kuoa huku, wa kuolewa kule, katikati ng'ombe mmoja wa kuonyesha, aliyefungiwa utepe mwekundu shingoni na ambaye tayari alikuwa amekula nusu ya maua ya mapambo. Wajomba wa Walungu walikuwa wamefika, nusu ya njia kwa gari na nusu kwa miguu, viatu mkononi. Wimbo ulipigwa, ukakatika kwa sababu betri zilikuwa zimekwisha, watu wakaumalizia kwa midomo. Shangazi wawili waligombania mwavuli. Kila mtu alikuwa na kiu.

"Maman Georgette aje," Papa Zagabe aliamuru.

Georgette akaja na kitenge chake kizuri, akapigiwa vigelegele. Alijaza kibuyu. Moyoni alikuwa ameshamaliza: Jumatatu ingepita, dokta angempa mwingine ile nafasi, na yeye angeendelea kucheka miaka ambayo maini yangempa. Aliinua kibuyu, akaweka mrija mdomoni. Midomo yake ilikuwa imelowa, bado hajavuta, mkono ulipokuja kutoka nyuma ukashika kibuyu.

Ulikuwa mkono wenye chaki kwenye kucha. Philémon, shemasi, ambaye hakuwahi kukaa kwenye sherehe ya pombe, alikuwa amesimama pale na tai yake ya kwenda ibada.

"Leo nakunywa mimi," alisema.

Ua wote ukageuza vichwa. Hata ng'ombe aliacha kutafuna, au hivyo ndivyo wanavyosimulia. Papa Zagabe aliegemea fimbo yake, akainuka taratibu.

"Juu ya nini anamukataza bibi yake kuonja?" aliuliza, na sauti yake haikuwa kubwa. "Iko nini mu hicho kibuyu?"

Georgette aliona viti vikisogea nyuma. Aliona mtu fulani upande wa waoaji akiweka kikombe chini, na mwingine akimfuata. Angeweza bado kumpokonya mume wake kile kibuyu, avute, ameze, na yote yangekuwa kama jana. Mkono wake ulianza kwenda. Kisha alimwangalia Philémon, akaona jasho likimtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola, na akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa kuliko yeye.

"Niko na ugonjwa ya maini," alisema kwa sauti ambayo hakuijua. "Dokta alinikataza pombe mwaka muzima. Njo sababu niliogopa kuwaambia. Hakuna kitu mu kibuyu."

Ikawa mbaya zaidi. Wale waliokuwa wanaogopa sumu sasa waliogopa mdomo wake. Shangazi mmoja alijifunika pua na kitenge. "Na ameisha kuweka mudomo kwa murija," mtu alinong'ona, na wote wakaangalia mrija.

Philémon naye aliuangalia. Alikuwa mwalimu, alijua kwamba baada ya swali watu wanangoja jibu ubaoni. Aliinua kibuyu kilekile, akatia mdomoni mrija uleule, palepale palipolowa, akavuta. Koo lake jembamba la shemasi lilipanda na kushuka juu ya fundo la tai. Likapanda tena. Hakujua kwamba mtu huonja mara moja tu na kupitisha. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alivuta mpaka kibuyu kikaanza kukoroma, akakigeuza chini kuonyesha kwamba hakuna kitu, na akasimama wima, macho yamejaa machozi.

Walingoja. Papa Zagabe alimzunguka Philémon mara moja, akimchungulia. Dakika moja ikapita. Ya pili. Katika ya tatu, shemasi alitabasamu tabasamu pana ambalo hata mke wake hakuwahi kuliona.

"Iko sukari," alisema, kwa mshangao mkubwa wa mtu aliyedanganywa miaka arobaini na tisa.

Papa Zagabe alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha kikombe. "Mimi nilizaliwa na kasiksi," alisema. "Kama shemasi anakunywa kwa mudomo ya bibi yake, mimi nitakimbia nini? Munipe."

Basi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Watu walikunywa kama waliokuwa na deni kwa kiu yao, vigelegele vikarudi, mahari ikakubaliwa bila ule ugomvi wa kawaida. Philémon alianza kwa kuimba zaburi zote za shule ya Jumapili, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha alimwendea ng'ombe, akamshika masikio yote mawili, na kumweleza kwa upole maana ya wokovu, na alipoona anasikilizwa akamfungia tai yake juu ya ule utepe mwekundu. Georgette alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akicheka na kulia pamoja, hajui tena kipi ni kipi. Colombe alimwambia ajifute, watu wanaangalia. Alimjibu waangalie.

*

Jumatatu alikwenda hospitali. Dokta Nathanaël alitoa fomu kwa mazoea, na Georgette akaisukuma pembeni, akapandisha mkono wa blauzi.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa rahisi. Homa ya sindano ya kwanza ilimtingisha mpaka kitanda kikasogea. Wiki ya tano nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Kuna wateja waliokwenda moja kwa moja kwa mpishi mwingine, na shangazi yule wa kujifunika pua hakurudi kamwe. Lakini wengi walirudi, na kila Jumatano na Jumamosi Philémon alitoka shule, akanawa chaki, akasimama uani mbele ya mtungi mpya, akavuta mara moja (alikuwa amejifunza sasa), akameza kwa sauti, na kwenda ndani kusahihisha madaftari, ambamo siku hizo mbili wanafunzi walipata alama nzuri mno.

Jambo kama hilo halijifichi. Wiki ya saba kanisa lilimwita mbele ya waumini wote. Siku hiyo walipofika njia panda Georgette hakupanda kwenda misa. Alijifunga kitambaa kichwani kuficha nywele zilizobaki, akashuka naye, na kwa kuwa alikuwa mgeni akakaa kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango.

Pasta alikuwa mtu mwema na jambo lile halikumpendeza. Alisoma sheria ya kanisa, akasema kwamba ndugu Philémon ameondolewa ushemasi, kisha akauliza, kama inavyotakiwa, kwa sauti ya kumsaidia: "Ndugu, unatubu?"

Philémon alisimama pale mbele. Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayefanya hesabu kwa kichwa.

"Nitatubu, pasta," alisema. "Siwezi kudanganya Mungu na kusema sasa. Kungali wiki arobaini na moja."

Mtu mmoja kwenye kwaya alikohoa, na kilikuwa kicheko. Pasta alifunga kitabu chake, akafungua tena. Mwishowe alimwonyesha kwa mkono benchi la nyuma, mahali wanapokaa wale walio chini ya adhabu mpaka watubu.

Philémon alipita katikati ya waumini wote, tai ikiwa imenyooka, mpaka kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hawakuwahi kukaa benchi moja kanisani. Georgette alisogea kidogo ili apate nafasi.